Nyundo na Fuawe Ndani ya Sikio



Ndugu msomaji, haya ni mazungumzo niliyowapa vijana wenzangu baada ya swala ya alasiri, tukiwa tumekaa kwenye mikeka tunangoja magharibi. Mhariri akaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yalivyotoka mdomoni, ila nimepunguza mizaha na kutia tarehe ambazo siku ile zilinitoka kichwani. Na njaa nayo ilikuwa na kazi yake.

Wengi siku ile walidhani nitazungumza juu ya kulinda sikio na umbeya. Hilo nawaachia masheikh, wanaliweza kuliko mimi. Mimi nataka tulizungumzie sikio lenyewe, hili la nyama na mfupa, na nitaanza nyumbani kwetu.

Nina ami yangu, mdogo wa babangu, ambaye amekuwa fundi wa masanduku Kamukunji kwa zaidi ya miaka thelathini. Unayajua masanduku yale. Kama ulisoma shule ya bweni, mwezi wa Januari mzazi wako alikupeleka pale mkachagua la buluu au la kijani, mkapatana bei, mkatia kufuli. Huenda lako lilipita mikononi mwake. Ami alianza kazi wakati mafundi wale walipigwa na jua kweli, ndiyo maana ya hilo jina jua kali. Vibanda vilikuja katikati ya miaka ya themanini, baada ya Rais Moi kuwatembelea. Vibanda viliwakinga na jua, ila kelele ikapata paa la bati la kugonga na kurudi chini.

Ramadhani mbili zilizopita ami aliacha kuswali tarawehe na sisi. Tulikuwa tumepata imamu mpya, kijana, hafidh, sauti yake ukiisikia unataka rakaa zisiishe. Siku ya tatu tu, baada ya swala, ami akasimama mbele ya watu akamwambia, "Ustadh, wewe unamung'unya maneno. Unasoma kama mtu mwenye tende mdomoni." Msikiti mzima ukanyamaza. Ustadh akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe mzee wangu, nitajitahidi." Kesho yake akasoma polepole zaidi, na ami bado akatoka akinung'unika. Kesho kutwa hakuja.

Watu hawakosi la kusema. Huyu akasema mzee ana kiburi, yule akasema hataki kuongozwa na mtoto. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisema kuliko wote, manake ni ami yangu na niliona aibu. Akahamia msikiti wa upande wa pili wa barabara. Wiki haijaisha, akasema imamu wa kule naye anamung'unya. Hapo kama ningekuwa na akili ningefahamu. Sikufahamu. Aliyefahamu ni mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, aliyeniambia wakati wa futari: "Babu hanisikii mimi. Anamsikia kaka tu."

Kaka yake amebalehe, sauti imekuwa nzito. Yeye sauti yake ni nyembamba kama ya ndege.

Tulimpeleka akapimwe. Alilalamika njia nzima kwamba masikio yake ni mazima, kwani si anasikia matatu zinavyopiga honi? Wakamkalisha kwenye kijumba kisichopitisha sauti, wakamvisha visikizi, wakamwambia akisikia mlio, hata mdogo vipi, abonyeze kitufe. Walianza na milio mizito wakapanda hadi milio myembamba. Matokeo huchorwa kwenye karatasi kama mstari wa grafu. Mstari wa ami ulianza vizuri upande wa sauti nzito, ukaenda kidogo, halafu ulipokaribia hetsi 4,000 ukaanguka kama mtu aliyekanyaga ukingo wa machimbo. Yule mtaalamu akautazama, na kabla hatujamweleza lolote akauliza, "Mzee, wewe unapiga bati?"

Nilishangaa. Kumbe ile karatasi inasema kazi ya mtu! Siku hiyo ndiyo nilianza kusoma habari za sikio.

Tuanze nje tuingie ndani. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Unaingia kwenye tundu la sikio, unapiga utando unaoitwa ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu, vidogo kuliko vyote mwilini, na majina yake kwa Kiswahili ni nyundo, fuawe na kikuku. Nilipomwambia ami kwamba amezaliwa na nyundo na fuawe ndani ya kichwa, alicheka mpaka akakohoa. Kikuku, ambacho urefu wake ni kama milimita 3, kinasukuma dirisha dogo, na nyuma ya dirisha hilo hakuna hewa tena. Kuna maji. Zamani watu waliamini sikio la ndani limejaa hewa, mpaka Domenico Cotugno wa Naples alipoonyesha mnamo 1760 kwamba ni majimaji.

Maji hayo yako ndani ya mrija uliojiviringa kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Wataalamu wanauita koklea. Ungeunyoosha, urefu wake ni kama milimita 35. Na mle ndani, katika giza na maji, ndimo sauti inamogeuka kuwa kusikia.

Lakini wapi hasa? Swali hilo liliwasumbua watu karne nyingi, na si kwa uvivu. Kwanza, koklea imefukiwa ndani ya mfupa ulio miongoni mwa migumu zaidi mwilini. Pili, kilichomo ndani ni laini kama utando wa yai, na mtu au mnyama akifa kinaharibika upesi sana. Ukifika umechelewa.

Aliyefika mapema ni Alfonso Corti. Alizaliwa tarehe 22 Juni 1822 huko Gambarana, karibu na Pavia, kaskazini mwa Italia, katika nyumba ya makabaila. Antonio Scarpa, bingwa wa elimu ya viungo ambaye naye alilichunguza sikio, alikuwa rafiki wa babake. Corti alisoma udaktari Pavia, akahamia Vienna kwa mwalimu Joseph Hyrtl, na mwaka 1847 akahitimu kwa utafiti juu ya mishipa ya damu ya kenge. Ndiyo, kenge. Kila mtu ana pa kuanzia. Mwaka uliofuata mapinduzi yakazuka Vienna, akaondoka, akazunguka miji ya Ulaya akijifunza kwa huyu na yule. Alipita Utrecht, ambako alijifunza namna ya kuhifadhi viungo laini visioze, na akafanya kazi Würzburg, Ujerumani, kwa Albert Kölliker, aliyekuwa na hadubini nzuri.

Huko akapasua koklea moja baada ya nyingine, za wanyama na za binadamu, nyingi ajabu. Na alifanya jambo ambalo karibu hakuna aliyelifanya kabla yake kwenye viungo vya wanyama: alitia rangi. Alitumia karmini, rangi nyekundu inayotokana na wadudu, ili sehemu zilizokuwa zote nyeupe kama maji zipate kutofautiana. Wewe uliyewahi kutafuta uzi mweupe juu ya kanzu nyeupe unajua alichokuwa anakitafuta.

Mwaka 1851, akiwa na miaka 29, alichapisha alichokiona. Mtaliano, anaandika kwa Kifaransa, katika jarida la Wajerumani. Alionyesha kwamba juu ya utando unaopita katikati ya koklea kumepangwa safu za seli zenye vinywele vidogo kichwani, na nguzo ndogo zinazozishikilia, na juu yake utando mwingine kama blanketi. Kölliker akakiita kiungo hicho ogani ya Corti, na ndilo jina lake mpaka leo dunia nzima.

Halafu? Halafu Corti karibu anatoweka. Aliandika makala moja juu ya jicho la tembo mwaka 1854, akarudi kwao, akarithi cheo cha babake, akaoa mwaka 1855. Mkewe akafariki mwaka 1861 akamwachia watoto. Baridi yabisi ikamlemaza viungo, na tarehe 2 Oktoba 1876 akafa huko Corvino San Quirico, umri miaka 54. Kazi yake yote ya sayansi haizidi miaka kumi, na ile ya sikio ni michache tu ndani ya hiyo. Nimeona wasomi wa hapa kwetu wakisumbuka maisha mazima kutafuta vyeo, na huyu kiungo cha mwili wako kinaitwa kwa jina lake.

Corti hakujua kila kitu. Aliona vitu vilivyo, hakuweza kuviona vikifanya kazi. Mjerumani Helmholtz mwaka 1863 alidhani zile nguzo ndizo zinazotetemeka kama nyuzi za piano, baadaye akabadilisha rai. Ilibidi angoje Mhungaria Georg von Békésy, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya simu ya posta ya Budapest, aonyeshe kwamba sauti inapita juu ya ule utando kama wimbi, na kila sauti ina mahali pake pa kuinuka. Sauti nzito zinasafiri mpaka ndani kabisa, kwenye ncha ya konokono. Sauti nyembamba zinaishia mlangoni. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Naye pia alichunguza sikio la tembo, sijui hawa watu walikuwa na nini na tembo.

Sasa rudi kwa ami. Katika kila sikio lako kuna seli zenye nywele kama 3,500 kwenye safu ya ndani na kama 12,000 kwenye safu tatu za nje. Jumla hazifiki hata 16,000. Jicho lako lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni mia moja. Sikio halina utajiri huo. Ukikusanya seli za masikio yote mawili na kila moja ukaipa kiti, zinajaza uwanja wa Nyayo na hazijazi Kasarani. Hizo ndizo ulizopewa, tangu tumboni mwa mamako mpaka kaburini.

Za ndani ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za nje kazi yao ni kuongeza nguvu: zinarefuka na kufupika kwa kasi zikiipandisha sauti ndogo isikike, kama amplifaya ya msikiti. Jambo hilo la kurefuka na kufupika lilionyeshwa mwaka 1985 tu. Kelele kubwa inazikung'uta hizi za nje kwanza. Vinywele vinalala, vinakatika, seli inakufa. Na sehemu inayoanza kufa mara nyingi ni ile ya hetsi 4,000 hivi, karibu na mlango wa koklea. Ndipo mstari wa ami ulipoanguka.

Sasa fikiria usomaji. Madda na ghunna, ile sauti ya kuvuta, ni nzito, inapita vizuri. Lakini ni nini kinachotenganisha sin na shin, sad na tha, na fa? Ni mvumo mwembamba wa hewa mdomoni, na uko juu huko, kwenye seli ambazo ami hana tena. Kwa hiyo Ustadh alikuwa akisoma herufi kwa herufi, na kwa ami inafika sauti tamu isiyo na maneno. Alisema kweli alichokisikia. Sisi tukamwita mwenye kiburi.

Wala mambo haya si mapya. Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, daktari Bernardino Ramazzini, aliyeandika kitabu juu ya maradhi ya mafundi, alieleza habari za wafua shaba wa Venice. Walikuwa wamekusanyika mtaa mmoja, wanagonga kutwa nzima, na akasema wanapoteza kusikia na wakizeeka wanakuwa viziwi. Mtaa mmoja, nyundo kutwa. Si ni Kamukunji hiyo? Tena mwaka 1886 daktari wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi 100 wa kuunda boila za meli. Hakupata hata mmoja ambaye kusikia kwake kulikuwa kuzima. Mmoja kati ya mia, hakuna.

Utaniuliza, je, hizo seli hazioti tena? Kuku zinaota. Mwishoni mwa miaka ya themanini watafiti waligundua kwamba ndege akiharibiwa sikio kwa kelele, seli mpya zinachipuka na anasikia tena. Yule kuku unayemnunua soko la Burma ana tiba ambayo profesa hana. Sisi binadamu, na mamalia wengine waliokomaa, zikifa zimekufa. Kifaa cha kusikilizia kinaongeza sauti, kinasaidia, msikidharau. Lakini kinapeleka sauti kwa seli zilizobaki, hakifufui zilizokwenda.

Kelele si adui pekee. Homa ya uti wa mgongo inaua seli hizi. Kuna dawa za sindano, kama jentamaisini na streptomaisini, zinazookoa maisha lakini zinaweza kuzidhuru. Wazee waliomeza kwinini wanakumbuka masikio yalivyolia. Usikatae dawa ya daktari kwa sababu yangu, tafadhali! Ila ukiona sikio linavuma ukiwa kwenye dawa, mwambie.

Lakini kwa sisi wa Eastlands, kelele ndiyo iliyo mlangoni. Kipimo chake ni desibeli. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya ya kazi ni hiki: desibeli 85 unaweza kukaa saa 8. Kila ikiongezeka 3, gawa muda kwa mbili. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni robo saa peke yake. Kupiga bati kwa nyundo kunaweza kupita 100. Ami alikuwa anamaliza fungu lake la siku kabla chai ya saa nne haijafika, halafu anaendelea mpaka saa kumi na moja jioni. Miaka thelathini.

Sheria ipo. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asiwekwe kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya siku, na mwaka 2009 zikaja kanuni nyingine za kelele za mitaani. Lakini pale jua kali mwajiri ni nani? Fundi amejiajiri, akishtaki atajishtaki mwenyewe. Na matatu ndiyo usiniulize. Wewe unayepanda 58 ya Buruburu au 9 ya Eastleigh, ukakaa juu ya spika kwa sababu kiti hicho ndicho kilichobaki, unashuka stejini unaona dunia imetiwa pamba. Asubuhi pamba imetoka, unasema nimepona. Ngoja. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Kujawa na Liberman, walionyesha kwa panya kwamba hata kusikia kukirudi kwenye kipimo, baadhi ya viungio kati ya seli na neva vimekatika na havirudi. Kipimo kinasema mzima, kumbe nyaya zimepungua.

Na visikizi vya simu vya kutia sikioni vile vile. Kuna ndugu hapa anasikiliza mawaidha kwa sauti ambayo mimi wa safu ya nyuma nayasikia. Mawaidha mazuri. Punguza.

Neno ambalo nataka ulitilie shaka ni kuzoea. Binamu yangu ana miaka kumi na tisa, ndiye anayejifunza kazi kwa ami. Nilimuuliza kama kelele haimsumbui, akanijibu, "Mwanzo ilinisumbua, sasa nimezoea." Jicho likizoea mwanga, kuna kinachofunga na kufungua. Mkono ukizoea nyundo unaota sugu, ngozi inakuwa nene. Sikio haliwezi kuota sugu. Binamu yangu akisema kelele haimsumbui tena kama zamani, huenda ni kwa sababu waliokuwa wanasumbuka wameanza kufa.

Nilimpelekea vizibo vya sponji, vile unavyovibana kwa vidole ukatia sikioni vikafura. Pamba ya kawaida haitoshi, inapitisha. Tukatandika pia kipande cha tairi chini ya bati ili lisilie kama kengele. Siku mbili akavivaa, ya tatu nikamkuta navyo mfukoni. Ati akivaa hawasikii wateja wakiuliza bei. Ami alikuwa pembeni anakunja kona ya sanduku. Nilidhani hakusikia. Akasema bila kuinua kichwa, "Na mimi pia siwasikii."

Ami amerudi msikitini kwetu. Alikwenda kwa Ustadh mwenyewe akamtaka radhi, na Ustadh akalia. Anasimama safu ya kwanza. Zile sura alizozihifadhi utotoni anazifuata vizuri, kichwa kinajaza pale sikio linaposhindwa. Zile ambazo hakuzihifadhi anasimama tu na ile sauti. Nami nilimwomba radhi, nikasema kwa sauti ya chini kwa aibu, akaniambia nirudie.

Jumamosi hii inshaallah, baada ya adhuhuri, tunakwenda Kamukunji na katoni ya vizibo. Tunahitaji watu kumi wa kuzunguka vibandani na kuonyesha namna ya kuvivaa. Kukutana ni kwenye mlango wa msikiti, na ukiwa na mzee nyumbani anayesema watu siku hizi wanamung'unya, njoo unione kabla hatujaondoka nikuelekeze anapopimwa.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum.